Gogo Lisilokubali Shoka

Mjukuu wangu, njoo uketi karibu. Macho yangu yamechoka, lakini moyo wako nauona unavyotangatanga.

Jana uliniambia, "Babu, sijui nilizaliwa kwa ajili ya nini." Kesho unataka kupanda boti kwenda Kisangani ukaendeshe toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Toleka isipolipa, utakwenda kwenye almasi. Almasi ikikunyima, utakwenda mbele zaidi. Sikukatazi safari, mwanangu. Naogopa tu safari isiyo na neno.

Tazama pale mto Lomami unapomwagika katika mto mkubwa. Unaliona gogo lile? Linampita mjomba wako na kafi lake. Litapita Basoko, litapita Bumba, na hakuna mahali linapongojwa. Kwenda mbio si kufika.

Gogo lile ni ndugu wa mtumbwi, tena ni ndugu wa lokole, ngoma yetu ya mti. Kilichowatenganisha ni shoka. Wazee walilichimba gogo tumboni siku baada ya siku, hadi likatoa sauti mbili, ya juu na ya chini. Gogo lisilokubali shoka haliimbi.

Sauti mbili tu! Hapo nisikilize vizuri. Kwetu sisi Walokele, neno moja likipigwa peke yake halijulikani, kwa kuwa maneno mengi yana mlio mmoja. Mpigaji huongeza neno juu ya neno mpaka maana itulie. Wewe umekaa mwezi mmoja kwa seremala, wiki mbili shambani, kisha unauliza maana iko wapi. Ongeza, mjukuu wangu. Nakusihi, ongeza.

Na jina la mtu kwenye ngoma lilikuwa refu: lake, la baba yake, na kijiji cha mama yake. Hakuna aliyeitwa peke yake. Ukitafuta kazi yako duniani, anza kwa wale ambao jina lako limefungwa nao.

Mwaka 1949 mmisionari John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, alitoa kitabu juu ya ngoma hizi. Mgeni alitulia akasikiliza, na sisi wa nyumbani tukaziona ni kelele za wazee. Mwenye kisima hufa kiu akitazama mto.

Rika langu nililiona likitawanyika. Wengine walirudi na mvi, wakashuka ufukweni jioni, na watoto hawakujua wawaitaje. Njaa waliizoea. Kimya kile ndicho kilichowaliza.

Nakusihi, mwanangu, chagua kazi moja uiache ikuchimbe. Ikiuma, vumilia. Nakusihi tena: kesho, kabla ya boti, pitia kwa seremala. Patasi yako bado ameitunza.