Waya wa Breki
 Ng'ambo ya mpaka wetu wa Tunduma, vijijini Zambia, wapo wanaochonga magitaa kwa mkono. Shingo ni mti, kama walivyofundishwa na wazee. Nyuzi ni waya wa breki ya baiskeli. Fundi anaufumua polepole, uzi mmoja mmoja. Anaukaza. Anaupiga. Anasikiliza. Anaukaza tena. Kalindula, muziki ule unaotuchezesha huku mpakani, umepata jina lake kwa besi ya kienyeji inayotengenezwa kwa mkono pia. Kinachonigusa hasa ni pale fundi anaponyamaza kusikiliza. Sikio ndilo linaloamua. Wewe unayefungua duka au karakana asubuhi hii, kipi cha wazee umekiacha kabla ya kukijaribu? Na kipi kipya umekikataa kabla ya kukisikiliza?