Amana ya Wateja Wako Imelala Wapi Usiku wa Leo?

Ndugu mfanyabiashara, nina swali moja kwako, na nakuomba ulijibu hapo ulipo kabla hujaendelea kusoma. Taarifa za wateja wako zimelala wapi usiku wa leo? Majina yao, namba zao za simu, madeni yao, akiba zao kwenye SACCOS yako, majibu ya vipimo vyao vya damu, karo waliyolipa na waliyobakiza. Ukiniambia "ziko kwenye wingu", bado hujanijibu. Hakuna data inayoelea angani. Ziko ndani ya jengo lenye anwani, mlinzi getini, jenereta na waya za umeme. Jengo hilo liko nchi gani? Nani anashika ufunguo wa akaunti? Likiungua usiku huu, kesho saa mbili asubuhi utamhudumia mteja wa kwanza kwa kumbukumbu zipi?

Nasema likiungua kwa sababu yameungua. Tarehe 10 Machi 2021, muda mfupi baada ya saa sita usiku, moto ulizuka katika kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, kando ya mto Rhine. Hii si kampuni ya uchochoroni. Ni miongoni mwa watoa huduma wakubwa wa wingu wenye asili ya Ulaya. Jengo la ghorofa tano walilokuwa wakiliita SBG2 liliteketea lote, na moto ukala sehemu ya jengo la jirani. Ripoti ya zimamoto iliyotoka baadaye ilieleza kwamba hapakuwa na mfumo wa kuzima moto unaojiwasha wenyewe, wala swichi moja ya nje ya kukata umeme wote. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyepoteza maisha. Lakini tovuti kwa mamilioni zilizimika, na mwanzilishi wa kampuni, Octave Klaba, aliwatangazia wateja wake waanzishe mipango yao ya dharura.

Mipango yao! Sikilizeni neno hilo, ndugu zangu. Hakusema mipango yetu. Waliokuwa na nakala mahali pengine waliamka, wakahangaika, wakarudi kazini. Wasiokuwa nayo waliamkia majivu. Facepunch, watengenezaji wa mchezo wa kompyuta uitwao Rust, walitangaza kwamba seva 25 za Ulaya zimeteketea na data zake hazirudi tena. Na kilichoniuma zaidi ni hiki: walikuwepo waliokuwa wameilipia bekapu kila mwezi, bila kukosa, wakalala usingizi wa amani, kisha wakaambiwa kwamba bekapu yenyewe ilikuwa ndani ya jengo lile lile. Mmoja wao alilifikisha jambo hilo mahakama ya biashara ya Lille. Mahakama inaweza kukupa fidia. Haiwezi kukurudishia orodha ya wadeni wako.

Basi usikubali neno "bekapu ipo" kama jibu. Uliza ipo jengo gani, mji gani, kwa jina la nani, na ilijaribiwa lini. Uliza bila haya. Ni haki yako, na zaidi ya haki ni wajibu wako, kwa sababu yule mama aliyeweka akiba yake kwako hakumkabidhi Amazon wala Microsoft wala Google. Alikukabidhi wewe.

Wako wanaoniambia, mimi nimechagua jina kubwa, kwa hiyo nimemaliza. Hujamaliza. Mwezi Mei 2024, UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, uliamka ukakuta wingu lake binafsi (Private Cloud) ndani ya Google Cloud limefutwa. Hawakudukuliwa, wala hapakuwa na moto. Wakati wa kuandaa huduma ile, kipengele kimoja kiliachwa wazi kwenye chombo cha ndani cha Google. Mfumo ukajiwekea wenyewe ukomo wa mwaka mmoja, na mwaka ulipotimia ukafuta. Mfuko ule ulikuwa umejipanga katika maeneo mawili ili moja likianguka jingine lisimame, na yote mawili yakafutwa kwa pamoja. Wanachama walikaa takriban wiki nzima bila kuona akaunti zao. Wakuu wa kampuni zote mbili walitoa tamko la pamoja, jambo ambalo si la kila siku. Na kilichowaokoa ni nini? Bekapu zilizokuwa nje ya mazingira yale, zikiwemo zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine kabisa.

Ninalisimamia hilo kwa moyo wangu wote: kabla ya kulinganisha bei, kabla ya kusikiliza ahadi za muuzaji, amua nakala yako ya pili itakaa kwa nani. Jengo tofauti, akaunti tofauti, na ukiweza, kampuni tofauti. Akaunti tofauti nimeitaja kwa makusudi. Mwaka 2014 kampuni ya Code Spaces ilivamiwa na mhalifu aliyepata njia ya kuingia kwenye paneli yake ya Amazon. Alidai fedha. Walipojaribu kumtoa, alianza kufuta, na ndani ya saa chache alifuta sehemu kubwa ya mashine, data na bekapu, maana vyote vilifunguliwa kwa ufunguo ule ule. Kampuni ilifungwa. Na si kwa sababu Amazon ilikuwa imeanguka.

Na hapa nataka nikae, kwa sababu hapa ndipo biashara zetu nyingi zilipo uchi. Ni nani aliyefungua akaunti yako ya wingu? Mara nyingi ni kijana wa kompyuta. Aliifungua kwa barua pepe yake mwenyewe, akaweka namba yake ya simu ili ujumbe wa kuthibitisha umfikie yeye, akaandika nywila kwenye simu yake. Alikuwa mwema, alifanya kazi nzuri, hakuwa na nia mbaya. Kisha akapata kazi Dubai. Leo ujumbe wa kwamba kadi yako imekataliwa unakwenda kwenye barua pepe ambayo huisomi, na onyo la kwamba huduma itasimamishwa limekaa humo bila kufunguliwa. Wewe unalipa, lakini mbele ya mtoa huduma mwenye mali ni yeye. Umejenga nyumba, ukaandikisha hati kwa jina la fundi. Ndugu yangu, ihamishe hati hiyo iwe kwa jina lako wiki hii! Akaunti kuu iwe ya barua pepe ya kampuni, uthibitisho wa hatua mbili uwe kwenye kifaa cha kampuni kilichofungiwa kabatini, na kila mfanyakazi aingie kwa jina lake na kwa mamlaka yanayolingana na kazi yake tu. Anayetoa risiti hana sababu ya kuweza kufuta seva.

Sisi wa ukanda huu tuna jambo letu jingine, nalo ni bahari. Microsoft walifungua vituo vyao vya data vya Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town mwaka 2020, Google wakafuata Johannesburg mwaka 2024. Muuzaji atakuambia kwamba data zako ziko hapa hapa Afrika. Ni kweli. Lakini Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya intaneti ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya, Uganda na majirani ikalegea au kukatika kabisa. Njia ya kwenda kwenye hilo wingu la Afrika ilipita humo humo baharini. Kwa hiyo muulize mtoa huduma wako: mkongo ukikatika, mhudumu wangu wa dirishani ataendelea kuuza? Dawa itatoka? Basi litaondoka na orodha ya abiria? Kama kazi yako haivumilii saa tatu za giza, tafuta programu inayoendelea kurekodi bila mtandao na kupeleka data ukirudi, au weka sehemu nyeti kwenye kituo cha data kilichopo Nairobi au Dar es Salaam. Vipo, na baadhi vinaendeshwa kwa viwango vya juu. Usivikatae kwa sababu tu majina yake hujayasikia kwenye matangazo ya kimataifa.

Mtu asinielewe vibaya. Siwaambii mrudi kwenye ile kompyuta iliyo chini ya kaunta, inayomeza vumbi na kuzimika kila umeme ukikatika, ambayo mwizi anaweza kuibeba kwapani. Huko kuna hatari mara kumi. Nendeni kwenye wingu, ila nendeni macho yakiwa wazi.

Macho hayo yatazame na fedha. Bili nyingi za wingu huja kwa dola. Januari 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 113 za Kenya. Januari 2024 ilifika 160. Bili ya dola 500 kwa mwezi ilipanda kutoka shilingi 56,500 hadi 80,000 bila kuongeza hata mteja mmoja, na wateja wako hawakulipi kwa dola. Kama kuna mtoa huduma anayekubali kupanga bei kwa shilingi, mpe uzito unaostahili. Na weka kikomo cha matumizi na onyo la bili siku ya kwanza kabisa, maana mashine iliyosahaulika ikiwaka usiku na mchana inakula fedha zako kimya kimya.

Kisha uliza gharama ya kutoka. Kuingiza data karibu wote hukuachia bure. Kuzitoa ndiko kwenye mita. Kwa Amazon, bei ya kawaida kutoka vituo vya Marekani na Ulaya ni senti 9 za dola kwa kila gigabaiti, baada ya zile 100 za kwanza za mwezi, na Cape Town ni ghali zaidi. Terabaiti kumi ni karibu dola 900. Mwaka 2024 Google, kisha Amazon na Microsoft, walitangaza kuwaondolea ada hiyo wateja wanaohama moja kwa moja, kwa masharti yao. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: sheria yake ya data ilianza kutumika tarehe 12 Septemba 2025, na kuanzia tarehe 12 Januari 2027 inapiga marufuku kabisa kutoza ada za kuhama. Lakini hiyo ni kinga ya Ulaya. Wewe wa Arusha, wewe wa Kisumu, kinga yako ni karatasi uliyoisaini.

Na ada si kamba pekee ya kukufunga. Hifadhidata ya PostgreSQL au MySQL unaweza kuibeba ukaisimamisha kwa mtoa huduma mwingine yeyote. Ile ambayo mtoa huduma ameitengeneza yeye na haipatikani kwingine, ukijenga biashara nzima juu yake, siku ya kuhama utaandika programu upya. Mwambie fundi wako aeleze kwa nini anaichagua, tena kwa lugha unayoielewa.

Kuhusu zile asilimia ambazo watoa huduma huahidi kwamba huduma itakuwa hewani, sitasema mengi. Asilimia 99.9 ni ruhusa ya kuzimika dakika 43 kila mwezi, na wakizidisha watakupunguzia kitu kidogo kwenye bili. Mauzo uliyoyapoteza siku ile hawakulipi. Sheria nayo haitakutazama kwa huruma. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayokutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Uliyekusanya taarifa ni wewe, na atakayeitwa kujieleza ni wewe.

Sasa nakusihi ufanye jambo moja, ulifanye mwezi huu. Chagua Jumamosi jioni, duka likiwa limefungwa. Mwite fundi. Mpe kompyuta tupu isiyo na chochote chako, mwambie: hesabu kwamba kila kitu kimeungua, nirudishie biashara yangu kutoka kwenye bekapu. Kaa naye. Tazama saa. Atakapokuambia tayari, usimwamini kwa kusema. Tafuta risiti ya mwisho ya Ijumaa, tafuta deni la mteja unayemjua kwa jina, tafuta picha ya X-ray ya mgonjwa wa juzi, ifungue, uione kwa macho yako. Kama risiti ya mwisho unayoipata ni ya miezi miwili nyuma, umejua hali yako ungali na nafasi ya kurekebisha. Kama imechukua siku nzima, umejua siku ya msiba utafunga kwa muda gani. Usimgombeze fundi. Mpe fedha za kurekebisha, na zoezi hilo lirudiwe kila baada ya miezi mitatu.

Na wewe ambaye hujasaini bado, ambaye mkataba uko mezani na muuzaji anapiga simu kila siku akisema punguzo linaisha Ijumaa: acha liishe. Mwandikie barua pepe leo hii. Muulize data zangu zitakaa mji gani, bekapu itakaa jengo gani, nikitaka kuondoka nitazipata kwa muundo gani, kwa gharama gani na ndani ya siku ngapi, na ukifunga biashara yako utanipa notisi ya muda gani. Asipokujibu kwa maandishi, usisaini.