Abu Hurayra Hakuwa na Swali

 

Ndugu zangu katika imani, sote tunamjua Abu Hurayra (r.a.) kwa wingi wa hadithi alizozipokea. Tunasahau kwamba alikuwa mwanafunzi mwenye njaa. Alikuwa miongoni mwa Ahlus-Suffa, mafukara waliolala msikitini Madina, hawana jamaa wala mali. Bukhari amepokea kisa chake: alikuwa akifunga jiwe tumboni kwa njaa. Siku moja aliketi njiani. Akapita Abu Bakr (r.a.), akamuuliza kuhusu aya ya Qur'ani. Hakutaka tafsiri, alitaka akaribishwe chakula. Abu Bakr akapita. Akaja Umar (r.a.), ikawa vile vile. Kisha akapita Mtume (s.a.w.), akamtazama usoni, akatabasamu, akajua.

Abu Bakr na Umar hawakuwa mabakhili, hasha! Waliulizwa swali la elimu, nao hawakuiona njaa iliyojificha nyuma yake. Katika riwaya nyingine, Umar alipoelezwa baadaye, alisema kumkaribisha siku ile kungekuwa bora kwake kuliko kumiliki ngamia wekundu, mali ya thamani kuu kwa Waarabu.

Hapa chuoni pia njaa ina maswali yake. Yupo anayekuja kuazima noti saa ile ile sufuria inapoepuliwa. Yupo anayesema "nimefunga" wiki nzima, wala si Ramadhani. (Simaanishi tuanze kupeleleza swaumu za watu.) Suratul-Baqara, aya ya 273, inawataja mafukara ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa kujizuia kwao kuomba, lakini wana alama zao. Nani atazisoma alama hizo, kama si sisi tuliokula?

Utasema: hata mimi nasubiri pesa za nyumbani. Siku ile nyumbani kwa Mtume (s.a.w.) palikuwa na kikombe kimoja cha maziwa, naye akaamuru Ahlus-Suffa wote waitwe. Abu Hurayra aliona uzito moyoni, maana alidhani hatabakiwa na tone. Wakanywa wote wakashiba, naye akanywa mpaka hana pa kuyapitisha. Mtume (s.a.w.) akanywa wa mwisho.

Ule ni muujiza. Lakini upo pia utaratibu aliouweka, ambao hauhitaji muujiza: mwenye chakula cha wawili aende na wa tatu katika Ahlus-Suffa, na mwenye cha wanne aende na wa tano au wa sita. Abu Bakr alichukua watatu. Mtume mwenyewe, kumi. Hii ni hesabu ya hosteli kabisa. Nyinyi wawili mnaosonga posho chumba kimoja, ongezeni kikombe cha unga.

Wala msimuulize kama ana njaa, atasema ameshiba. Mwambieni, "Njoo tule." Ukimpa pesa ya roleksi mbele ya wenzake, kisha ukaisimulia, umeibatilisha sadaka yako, aya ya 264 ya sura hiyo hiyo iko wazi.

Kila Alhamisi baada ya Maghrib sinia la futari huwekwa nyuma ya msikiti. Hakuna daftari la majina, wala haulizwi mtu kama alifunga. Mwenye unga au maharage ayafikishe jikoni kabla ya Alasiri.