Je, Kunyamaza Ni Uvumilivu?

Binti wa miaka 13 anayefanya jimnastiki hupinda mgongo kwa nyuma mara nyingi kila siku ya mazoezi. Mifupa yake ingali inakua, na pingili ya mwisho ya kiuno yaweza kupata ufa mwembamba. Mara nyingi dalili ni maumivu ya kiuno yanayozidi ajipindapo. Akipumzishwa mapema, kwa miezi kadhaa, ufa huo huweza kuunga.

Lakini binti hunyamaza. Amefundishwa kwamba bingwa huvumilia. Mwaka 1996 huko Atlanta, Kerri Strug aliruka tena akiwa ameumia kifundo cha mguu, na ulimwengu ukamshangilia. Kumbe Marekani ingepata dhahabu hata asingeruka.

Kuvumilia ni kubeba mzigo usioweza kutuliwa. Binti huyu anaficha jambo ambalo mama yake wangelitumia kumtibu yeye na daktari. Wala lawama si yake peke yake. Kocha anayewasifu wasiolalamika amekwisha kumwagiza anyamaze, ijapokuwa hakutamka neno.

Je, mtoto aliye chini ya uangalizi wako anaweza kusema, “Kiuno kinaniuma,” asipoteze nafasi yake?