Aibu ya Bidhaa na Aibu ya Mtu

Shangazi yangu, mkazi wa Leicester kwa zaidi ya miaka 20, alinunua bangili nne za dhahabu kwa ajili ya harusi ya bintiye. Aliyemuuzia ni mwanamke wa kwao Mombasa, aletaye dhahabu kutoka Dubai na kuiuzia sebuleni kwake. Aliambiwa kuwa ni za karati 22. Alilipa taslimu bila risiti, kwa kuwa kumdai risiti mtu mliyekula naye sinia moja ni kama kumwambia humwamini. Miezi mitatu baadaye kifungo cha bangili moja kilikatika. Sonara wa Barabara ya Belgrave aliipima, akaipima tena, kisha akasema kwa upole kwamba ni ya karati 18. Zote nne zilikuwa hivyo.

Nilimshauri adai haki yake. Akanijibu: "Mwanangu, nikamwaibishe mwenzangu mbele ya Wazungu?" Sikuwa na jibu siku ile. Ninajaribu kumjibu hapa.

Tuanze na neno lenyewe. Fikihi ya biashara humpa mnunuzi haki iitwayo hiari ya aibu: akigundua kasoro ambayo hakuijua, iliyokuwamo katika bidhaa kabla hajaipokea, aweza kuirudisha na kurejeshewa thamani yake. Hapo aibu ni ufa wa chungu, ni kilema cha mnyama, ni upungufu wa dhahabu. Kiarabu hulitumia neno hilo kwa kasoro na kwa fedheha pia. Kiswahili chetu kimeielemea maana ya pili hata ile ya kwanza inakaribia kusahauliwa. Tumeibandua aibu kwenye kitu, tukaibandika kwa mtu. Ndiyo maana mnunuzi wetu aionapo kasoro ya bangili huhisi kwamba kuitaja ni kumvua nguo muuzaji.

Sheria ya Uingereza, nchi tunayoishi kama wageni, imezitenganisha aibu hizo mbili. Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 hutaka bidhaa ilingane na maelezo ya mfanyabiashara aliyeiuza, na mwenye kuuza mara kwa mara sebuleni ni mfanyabiashara hata kama hana duka. Isipolingana, mnunuzi ana siku 30 za kuikataa na kurudishiwa fedha zote. Zikipita, adai itengenezwe au abadilishiwe. Hilo lisipofaa, apunguziwe bei au airudishe. Katika hayo yote haulizwi kama muuzaji alikusudia kudanganya. Huenda naye alidanganywa huko Dubai. Nia mbaya ni habari ya Sheria ya Udanganyifu ya mwaka 2006, nayo ni ya jinai. Basi shangazi aliweza kudai chake bila kumwita mwenzake mwizi.

Tangu sheria ya mwaka 1973, pambo linalouzwa Uingereza kwa jina la dhahabu, likizidi uzito wa gramu 1, hupaswa kuwa na mhuri wa upimaji: 916 kwa karati 22, na 750 kwa karati 18. Mhuri huo haukuwekwa ili kuwatukana masonara. Uliwekwa kwa sababu jicho halioni kilichomo ndani ya dhahabu, na uaminifu usiopimika humwelemea mwaminifu na laghai kwa uzito mmoja.

Msomaji ataniuliza: na sitara je? Hatukufundishwa kufunika makosa ya wenzetu? Tulifundishwa, nami siibezi sitara. Bila hiyo jamaa ndogo ya ugenini isingeishi pamoja mwaka mmoja. Lakini kosa la mtu lililo baina yake na Mola wake ni jambo moja, na kasoro inayopita mkono kwa mkono ni jambo jingine. Inasimuliwa kwamba Mtume alitia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini. Mwenye mali akasema ni mvua. Hakuambiwa aifunike; aliulizwa mbona asiweke kilicholowa juu, watu wakione. Katika wiki alizonyamaza shangazi, jirani yake naye alinunua bangili katika sebule ile ile. Sitara ya muuzaji ililipiwa na jirani, na hakuna aliyemtaka idhini.

Njia ya kudai nayo haianzi mahakamani. Huanza kwa barua yenye kueleza kasoro na kutoa muda, kama siku 14. Ushahidi si lazima uwe risiti. Ujumbe wa simu ambamo muuzaji aliandika "karati 22" ni ushahidi. Katika England na Wales, dai la fedha lisilozidi pauni 10,000 husikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo, na mdai hahitaji wakili. Tena tangu Mei 2024 wadaiana hutakiwa kwanza kushiriki usuluhishi wa bure kwa njia ya simu. Nasaha, kisha suluhu, kisha hakimu: wazee wetu wasingeona jambo geni katika mpangilio huo.

Shangazi aliandika barua yake, kwa Kiswahili, akaipeleka kwa mkono wake. Muuzaji alilia, akakana, kisha akalipa tofauti ya bei kwa awamu tatu. Hawajarudi kualikana kama zamani, wala sitasema kwamba hasara hiyo ni ndogo. Lakini jirani naye alirudishiwa haki yake, na wanaonunua katika sebule ile sasa hupewa karatasi yenye uzito na karati. Wanaipokea bila kuona haya, na yule mama anaiandika bila kuona haya.