Samaki Mkubwa Arudishwe Majini

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:6-7



Katika milango ya mito ya Australia ya mashariki yuko samaki ambaye watu wa huko humwita flathead, yaani kichwa-bapa. Hulala chini mchangani, mwili umefukiwa, macho tu yaonekana. Maji yakupwapo hukaa ukingoni mwa mkondo, akiwavizia samaki wadogo na kamba wanaoshuka pamoja na maji. Watu wengi humvua kwa mshipi, si kwa kuuza, ila kwa kujifurahisha siku ya mapumziko na kupata kitoweo. Hilo si kosa, Petro naye aliagizwa na Bwana akatupe ndoana baharini (Mt. 17:27).

Walakini katika nchi ya Queensland iko sheria iwashangazayo wageni. Samaki huyo akiwa chini ya sentimita 40, hurudishwa majini. Hili kila mtu alifahamu. Lakini akizidi sentimita 75 hurudishwa vile vile, wala mtu asiwe na zaidi ya watano. Kwa nini mkubwa arudishwe? Kwa sababu wakubwa karibu wote ni majike, nao majira ya joto hushuka karibu na bahari kutaga mayai. Amchukuaye huyo amechukua na kizazi chake.

Basi fungueni Torati. Musa aliwaamuru Waisraeli kwamba mtu akikuta kiota njiani, asimtwae mama pamoja na makinda. Amwache mama aende zake. Na ahadi iliyotiwa hapo ni kheri na siku nyingi, ile ile aliyopewa mtoto amheshimuye baba yake na mama yake (Kum. 5:16). Amri ya wazazi ni nzito. Amri ya kiota yaonekana nyepesi kama unyoya. Hata hivyo Mungu amezitilia thawabu moja.

Sasa mfikirini mtu yule mtoni, jua linakuchwa, naye amevuta samaki wa sentimita 80. Hapana askari. Rafiki zake wangemsifu sana. Je, akimtia kikapuni amemwibia nani? Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, akiieleza amri ya saba, afundisha kwamba haitoshi kutotwaa mali ya jirani, bali tumsaidie kuitunza. Ninyi waalimu wa kipaimara, waulizeni wanafunzi kama mtu huyo ni mwizi. Wengi watasema sivyo, maana mwenye mali hajazaliwa bado. Hapo kaeni nao, msiharakishe. (Wala wa pwani yetu wasicheke, baruti na nyavu za macho madogo twazijua.)

Sheria yaweza kuuzuia mkono askari awapo karibu. Zaidi ya hapo haiwezi. Mtu hushika kwa nguvu kwa kuwa aogopa kesho. Naye Kristo amekuja kutuondolea hofu hiyo, akituonyesha Baba awalishaye ndege wasiopanda wala kuvuna. Aliyeamini hayo hufungua mkono bila kuamriwa.

Wavuvi wema wa huko hulowesha mikono kwanza. Humshika samaki kwa uangalifu, maana ana miiba mikali kando ya kichwa, humwelekeza kwenye mkondo wa maji, nao hungoja mpaka apate nguvu, ndipo humwachilia.