Hodi kwenye Shimo la Muhanga

Mwezi wa saba, ukipanda Njombe asubuhi, utakuta umande umeganda kwenye majani ya viazi kama mtu kamwaga chumvi. Watu wamejifunga makoti, kikombe cha chai kinashikwa kwa mikono miwili. Ndiyo kipupwe hicho. Kwa sisi tunaopenda kutazama ndege, huu ni msimu wa kukaa na kufikiri, maana nyika za juu zinakuwa kimya. Wale ndege weusi wa majanini wenye mikia mirefu, ambao wakati wa mvua walikuwa wakijishaua kila bonde, sasa mikia wameivua, dume na jike wote wamevaa kahawia. Na mbayuwayu buluu, ambaye ndiye habari yangu ya leo, hayupo kabisa. Kahamia kaskazini, pande za Ziwa Viktoria, Uganda na magharibi mwa Kenya. Atarudi kuanzia mwezi wa tisa, aje kuzaa.

Wenzetu wa Ulaya wakiandika kuhusu ndege wa majira ya baridi, wanahesabu waliobaki. Sisi tunawapokea walioondoka. Desemba, kwao barafu, huku kwetu Makambako mbayuwayu wa kawaida wamejipanga kwenye nyaya za umeme kama abiria wanaosubiri basi la Songea. Ndege mmoja, nyumba mbili, na kila nyumba inasema "ndege wetu". Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Ndege ni wa nani? Na ukijua alipo, una haki ya kumwambia nani?

Nisije nikajifanya nauliza kwa nadharia. Nina kosa langu.

Misimu mitatu iliyopita, mwezi wa kumi na mbili, mzee mmoja huku juu Njombe alinipeleka kwenye bonde lake kuniona kama mtoto anavyopelekwa kuonyeshwa ng'ombe aliyezaa. Nilikuwa nimemwamkia "Kamwene", tukakaa, tukanywa chai, na tulipokuwa tunazungumza habari za mvua akasema, "Wewe si ndiye unayependa ndege? Twende." Tulitembea kama nusu saa kwenye majani mafupi hadi kwenye shimo la zamani la muhanga. Muhanga mwenyewe alishahama siku nyingi. Tukajilaza mbali kidogo, tukangoja. Akaja dume, buluu iliyoiva mpaka inakaribia weusi, mkia wake nyuzi mbili ndefu, akapinda hewani na kuingia ardhini. Naam, ardhini. Mbayuwayu huyu hajengi kwenye paa la mtu. Anabandika kikombe chake cha tope kwenye dari ya shimo, mahali ambapo mchungaji anaweza kupita juu yake kila siku asijue.

Niliporudi mjini nikaweka picha mtandaoni. Na chini ya picha nikaandika jina la bonde.

Kwa nini nililiandika? Nimejiuliza sana. Si kwa ubaya. Nilitaka watu waamini. Picha isiyo na mahali ni kama hadithi ya paukwa-pakawa: inapendeza, lakini nani atakuapia kwamba ni kweli? Na tuseme ukweli, nilitaka sifa kidogo. Msimu uliofuata niliporudi, kulikuwa na njia mpya kwenye majani, imenyooka mpaka shimoni. Kulikuwa na alama za miguu mitatu ya kamera na chupa ya maji. Kikombe cha tope kilikuwa kimeanguka ndani. Huenda ni mvua, matope huanguka. Sina ushahidi wa kumhukumu mtu. Mzee hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nilikuonyesha wewe."

Kauli hiyo imenikaa. *Nilikuonyesha wewe.* Hakusema "nilikwambia siri", wala hakuwa ameniapisha. Lakini alinipa kitu kwa jina langu na mimi nikakigawa kwa majina nisiyoyajua.

Tangu hapo nikawa mtu wa siri. Na nikajipatia walimu wazuri wa siri. Msomaji wa blogu hii huenda anaijua *The Peregrine* ya J. A. Baker, iliyotoka mwaka 1967. Mwingereza yule alimfuata kozi majira ya baridi karibu kumi, akayakunja yote kuwa kama majira mamoja, na kitabu kizima hakitaji jina la kijiji wala la mto. Unajua ni mashariki mwa Uingereza, basi. Wakati ule kozi walikuwa wanakufa kwa dawa za mashambani, na wezi wa mayai walikuwepo. Kuna watu husoma ukimya ule kama mbwembwe za uandishi. Mimi nausoma kama adabu.

Na huku kwetu tuna ushahidi wa kutosha kwamba habari ya mahali inaweza kuua. Tazama maua ya Kitulo. Uwanda ule, ambao watu huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya maua yake. Kabla ya hapo na hata baadaye, mizizi ya okidi za nyanda zetu za juu ilichimbwa kwa magunia ikauzwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Ukijulikana bonde lenye okidi, kinachofuata ni jembe. Hivyo nikasema moyoni: kimya ni ulinzi. Akiniuliza mtu umemwona wapi, nitajibu "Njombe", mkoa mzima, atafute.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe siri nayo ina madhambi yake, na ni mabaya kuliko nilivyofikiri.

La kwanza, siri ilinifanya nijione mwenye mali. Nikaanza kusema "mbayuwayu wangu". Lakini nani alimjua kwanza? Siri ya mtungi aijuaye kata. Kuna kisa maarufu cha kwale wa Udzungwa, milima ambayo si mbali na sisi tulioko Makambako. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa kule msituni waliona kwenye sufuria ya kambi miguu ya ndege wasiyemtambua. Kwa kufuatilia miguu ile wakampata kwale ambaye hakuwa kwenye kitabu chochote, na mwaka 1994 akatangazwa kwa dunia kuwa ni jamii mpya. Mpya kwa nani? Aliyemtega alijua anapolala, anachokula na anavyoonja kwa chumvi. Ninapokipenda kisa hiki watu hucheka, nami hucheka, halafu hunyamaza. Maana yule wa sufuria alikuwa na ujuzi wote isipokuwa mmoja: hakujua kwamba mlo wake haupatikani kokote duniani nje ya milima ile. Hakuna aliyewahi kumwambia. Ujuzi ulikuwa umegawanyika, nusu msituni nusu maktabani, na aliyeumia katikati ni ndege.

La pili ni zito zaidi, na ndilo lililonivunja. Ndege asiyejulikana hawezi kutetewa. Njombe ni mkoa wa miti. Miwati ilianza kupandwa kwa mashamba makubwa tangu miaka ya mwisho ya 1940, na leo kila mwenye ekari mbili anaweka paini au mkaratusi. Simlaumu mtu. Paini ni ada ya shule, ni bati, ni matibabu ya mama. Tena tumefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba kupanda mti ni wema, kukata mti ni ubaya. Ila mbayuwayu buluu hakwenda shule hiyo. Yeye anataka majani mafupi, anga wazi na shimo. Mti kwake ni ukuta. Afrika Kusini wamebaki jozi chache sana, na sababu kubwa ni nyika kugeuzwa mashamba ya miti. Sasa fikiria: mimi nimekaa na siri yangu, najiona mlinzi, na mwaka uleule upande wa pili wa bonde umepandwa miche ya paini, mistari imenyooka. Aliyepanda ni kijana wa ukoo wa mzee. Nilimuuliza kama alijua habari za ndege wa shimoni. Akasema, "Ndege gani?"

Basi pale ndipo nilipoelewa kosa langu lina sura mbili. Mara ya kwanza nilimwambia kila mtu isipokuwa jirani. Mara ya pili nikamficha kila mtu, pamoja na jirani. Mara zote mbili aliyeishi palepale ndiye wa mwisho kujua.

Waskoti walipita njia hii kabla yetu. Kuna tai mla samaki, osprey, ambaye alikuwa ametoweka kwao kama mzazi, akarudi miaka ya 1950 kujenga kiota karibu na ziwa Loch Garten. Wakamficha, wakamlinda usiku na mchana. Mwaka 1958 mwizi akapenya gizani, mayai yakapotea. Mwaka 1959 George Waterston wa chama chao cha kulinda ndege akafanya jambo lililoonekana kichaa: akatangaza. Watu njooni mwone, lakini kwa mbali, kwenye kibanda, na sisi tupo. Walikuja wapatao 14,000 mwaka ule. Tangu hapo osprey wa Uskoti akawa na walinzi elfu badala ya watano.

Nikisoma hayo natamani kukimbilia kutangaza tena. Lakini nasita. Pale kulikuwa na chama, kibanda, kamba, zamu za walinzi, na mti mrefu. Hapa kuna shimo kwenye shamba la mtu. Hata Kitulo yenyewe, yenye askari na geti, unalipa kiingilio, unapewa masharti. Bonde la mzee halina geti. Lina mzee.

Na hapo ndipo neno moja la kwetu lilipokuja kunisaidia: hodi. Hodi si ruhusa, wala si "naingia". Ni kumjulisha mwenyeji kwamba upo nje, halafu unangoja. Unapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asipoitikia mtu, unaondoka, hata kama mlango uko wazi na unaona moto unawaka ndani. Hakuna askari anayekulazimisha. Ni malezi tu.

Nimejaribu kuyapima mambo yetu ya ndege kwa hodi, na mengi yamenyooka. Kumchezea ndege sauti ya mwenzake kwenye simu ili ajitokeze, siku ya tano ya kuatamia, ni kuingia bila hodi; umemwita mwenye nyumba kwa uongo kwamba nyumba inaungua. Kusogea kiotani mpaka mama aruke ni hivyohivyo. Akipiga kelele za hofu, hilo ndilo jibu lake, na maana yake si "karibu". Kupita shamba la mtu kwa sababu "sisi ni watafiti tu" ni kosa lilelile kwa binadamu. Na kuandika jina la bonde mtandaoni ni kuwapigia watu wengine hodi kwenye nyumba isiyo yako na kuwaitikia "karibuni".

Lakini hodi ina upande wa pili tunaousahau: inamdai mgeni ajitambulishe. "Nani?" "Ni mimi, fulani, nimekuja kwa jambo hili." Mtu wa siri hapigi hodi, ananyata. Kwa hiyo habari za ndege zinapaswa kusemwa, tena kwa sauti, ila kwa utaratibu: aanze mwenye ardhi na majirani zake, afuate mwalimu wa shule na serikali ya kijiji, kisha wanaoweka kumbukumbu za ndege za nchi, ambao wanajua kutunza mahali pasitangazwe. Mwenye kamera kutoka mbali ni wa mwisho, na apokelewe na wa kwanza. Huenda mwenye ardhi akaamua kupata chochote kwa kuwaongoza wageni. Ni haki yake. Huenda akaamua kupanda paini. Hapo nitabisha, nitasihi, nitarudi tena na tena, lakini sitajidai kwamba uzito wa ada ya mwanawe ni mwepesi kuliko ndege ninayemtazama kwa raha zangu. Najua jibu hili halitoshi. Anayedhani anayo hesabu rahisi ya hayo mawili, labda hajawahi kudaiwa ada.

Mwezi wa nne mwaka huu nilirudi kwa mzee na yule kijana. Nilichukua picha niliyoichapisha kwenye karatasi, nikawaeleza anakokwenda ndege yule kipupwe, kwamba anavuka nchi nzima na kurudi bonde lilelile. Kijana aliishika picha muda mrefu. Akauliza shimo moja linahitaji majani mapana kiasi gani. Nikamwambia sijui hasa, ila nusu ekari haitoshi. Akaguna. Hakuahidi kitu. Mzee akasema, "Tutaongea."

Bado tunaongea. Jina la bonde nimelifuta mtandaoni, ingawa najua kilichosemwa hakifutiki. Mwezi wa tisa nitampigia mzee simu kabla sijapanda gari. Akisema wamerudi, nitamuuliza kama naweza kuja. Akisema ningoje, nitabaki hapa Makambako na upepo wake, nitazame kunguru wa stendi. Nao wana mengi.